Majibu Yakiwa "Chanya" Usishukuru Kwanza, Uliza Maana Yake

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu kuhifadhi mahindi. Mnisamehe, mahindi yatasubiri kidogo. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwaka juzi na leo nimeamua kulisema, hata kama sehemu kubwa ya kosa ni yangu mwenyewe.

Masika ya mwaka juzi mzee mmoja katika kata yangu alinipigia simu kwamba ng'ombe wake wawili wametupa mimba, mmoja ikiwa na miezi saba hivi, mwingine karibu na kuzaa. Nilikwenda, nikachukua damu, nikaituma maabara. Majibu yalipotoka nilikuwa barabarani nawahi kikao. Nikasimamisha pikipiki pembeni, nikampigia.

"Shikamoo mzee. Majibu ya maabara yametoka. Ng'ombe wako wawili wamekutwa chanya."

"Marahaba mwanangu. Tumshukuru Mungu. Ahsante sana dokta."

Nilisikia ile shukrani. Nilisikia kabisa, na kuna kitu kiliniambia hapa kuna tatizo, lakini kikao kilikuwa saa nne na saa nne ilikuwa imefika. Nikamwambia nitapita wiki ijayo tuongee. Wiki ijayo ikaangukia kwenye uandikishaji wa wakulima wa mbolea ya ruzuku, na anayeijua kazi ile anajua hakuna kulala. Nilipita baada ya wiki tano. Mzee hakuwepo, nikamkuta mama. Kwa ukarimu wake akaniletea kikombe cha maziwa, mabichi, yametoka kukamuliwa. Nikamwambia ahsante mama, nimeshiba, nina safari. Sikumwambia kwa nini sinywi. Mimi nilijua cha kuogopa kwenye kile kikombe, yeye hakujua, nikaondoka na ujuzi wangu.

Sasa tazama neno lenyewe. Sisi tuliosoma tunaposema chanya tunamaanisha kitu tulichokuwa tunakitafuta kimeonekana, na tulikuwa tunatafuta ugonjwa. Lakini mzee wangu anasikiliza redio kila siku. Redioni "mabadiliko chanya" ni mabadiliko mazuri, na "mtazamo chanya" ni mtazamo mwema. Kwa hiyo yeye alisikia: ng'ombe wako wazima. Alikuwa na haki kabisa ya kumshukuru Mungu. Aliyekosea ni mimi niliyechukua neno la chuo nikalitupa kwenye simu kama mtu anayetupa mzigo.

Ugonjwa wenyewe ni brusela, ule tunaouita ugonjwa wa kutupa mimba. Jina lake linatokana na Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyekiona kidudu chake mwaka 1887 kwa wagonjwa waliokufa katika kisiwa cha Malta. Watu walikuwa wakiuita homa ya Malta. Ilichukua miaka mingi, hadi 1905, ndipo daktari mwenyeji wa kisiwa kile aitwaye Zammit alipogundua kwamba kidudu kilikuwa kwenye damu ya mbuzi, na watu walikuwa wakikipata kwenye maziwa. Wanajeshi walipokatazwa kunywa maziwa yale homa ikashuka. Nimelitaja hili kwa sababu moja: jibu la jikoni, yaani kuchemsha maziwa, limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja, na bado mwaka juzi mimi nilishindwa kulifikisha kwenye nyumba moja iliyo kilomita nane kutoka ofisini kwangu.

Mzee aliendelea kunywa maziwa. Ng'ombe mmoja alipobakiwa na kondo alilitoa kwa mkono mtupu, kama alivyofanya siku zote. Na yule mwingine, kwa kuwa "majibu ni mazuri" ila ng'ombe mwenyewe haelekei kuzaa vizuri, alimpeleka mnadani akamuuza.

Baada ya miezi kadhaa nilimkuta kwenye mnada huohuo anatembea na fimbo. Mtu aliyekuwa akilima ekari mbili na ng'ombe wake mwenyewe anatembea kama mgomba uliopigwa na upepo. Tukakaa chini ya mti akanionyesha daftari lake la matibabu. Nililisoma lote. Ukurasa wa kwanza: homa, kipimo cha malaria, hasi. Hata hivyo alinunua dawa ya mseto dukani akameza. Ukurasa wa pili: taifodi. Wa tatu: UTI. Halafu mtu mmoja dukani akamwambia hiyo ni "malaria sugu", akachomwa sindano siku tano. Homa inapotea wiki moja, inarudi. Usiku analowa jasho hadi shuka linakamulika. Mgongo na magoti vinauma. Katika miezi minne alikuwa ameuza mtamba mmoja na mbuzi watano.

Nataka mlielewe jambo hili. Mzee yule anajua kusoma vizuri, amemaliza darasa la saba enzi ambazo darasa la saba lilikuwa darasa la saba. Lakini katika daftari lile lenye jina lake juu hapakuwa na neno hata moja lililoandikwa kwa ajili yake. Yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya mhudumu anayefuata.

Mimi si daktari wa binadamu. Nina stashahada ya kilimo na mifugo na sina ruhusa ya kumpima mtu. Nilichofanya ni kumwambia aende hospitali, na akifika aseme maneno haya: "Nafuga ng'ombe. Wawili walitupa mimba, walipimwa wakakutwa na brusela. Nilitoa kondo kwa mkono na huwa nakunywa maziwa mabichi." Alisema hivyo. Alipimwa, akakutwa nayo, akapewa dawa za aina mbili za kutumia kwa wiki sita. Wiki sita, si siku tano. Alimaliza. Leo analima, ingawa mgongo haujarudi kuwa ule wa zamani.

Kuna wenzangu, wa afya na wa ugani, huniambia kwamba mkulima hahitaji kujua majina ya magonjwa, anahitaji dawa. Wanasema mkulima akijua jina ataenda kujitibu mwenyewe dukani. Naheshimu hoja hiyo maana ina ukweli ndani yake, watu wanajitibu kweli. Lakini nauliza: nani anayechemsha maziwa? Nani anayeamua jioni ameze kidonge au aache? Nani anayeamua kumpeleka ng'ombe mnadani? Mganga wa zahanati hayupo pale, na mimi sipo pale. Maamuzi yote makubwa ya ugonjwa yanafanyika nyumbani, na yanafanywa na mtu ambaye tumempa neno bila maana yake. Na wanaojitibu dukani wengi wao wanajitibu kwa sababu hawakuelewa walichoambiwa zahanati.

Basi ngoja niyapitie machache kati ya maneno ninayokutana nayo huku vijijini, kwa lugha yetu. Sitayamaliza.

Hilo neno sugu linatuchanganya sana. Ugonjwa sugu ni ugonjwa unaokaa muda mrefu, kama kisukari au pumu. Usugu wa dawa ni kitu kingine kabisa: kidudu kimezoea dawa, dawa haikiui tena. Halafu kuna "malaria sugu" ya mitaani, ambayo mara nyingi ninapoisikia inamaanisha tu homa ambayo haijapatiwa jina lake. Mtu akikuambia una malaria sugu, muulize: umepima? Kipimo kimesema nini? Kama kipimo kimesema hasi mara mbili na homa bado ipo, dawa ya malaria ya tatu haina kazi pale. Kuna kitu kingine kinatafutwa. Na wewe mfugaji ndiye unayejua kitu ambacho mganga hakijui, kwamba zizini kwako kuna mimba zilizotupwa. Usingoje uulizwe, sema.

Taifodi nayo, yaani homa ya matumbo. Ni ugonjwa wa kweli na unaua. Lakini kipimo kile kinachotumika sana kwenye vituo vidogo, kinachoitwa Widal, kinaangalia alama ambazo mwili umejitengenezea kupambana na kidudu, hakikioni kidudu chenyewe. Alama hizo zinaweza kuwa zimebaki tangu ulipougua zamani, au zimeletwa na vidudu vingine vinavyofanana. Ndiyo maana unaweza kuambiwa una taifodi kila unapokwenda. Ukiambiwa hivyo mara tatu kwa mwaka mmoja, una haki ya kuuliza kwa upole: je, kuna kipimo cha kuotesha damu hospitali ya juu? Si kumdharau mhudumu. Na mimi wakulima huniuliza kama nina uhakika kwamba ule ni ukungu na si upungufu wa potashi, wala siumii. Wakati mwingine sina uhakika, narudi kuangalia jani tena.

Presha ndiyo inayonisikitisha zaidi kwa upande wa wafanyabiashara. Neno lenyewe tumelichezea. Mtu akidaiwa anasema "unanipa presha", timu ikifungwa tunasema presha imepanda. Kwa hiyo wengi wanaamini presha ni hasira au mawazo, na kwamba mtu mpole hawezi kuwa nayo. Shinikizo la juu la damu ni jambo la mabomba. Chukua pampu ya kukanyaga ya kumwagilia bustani. Ukikanyaga, maji yanasukumwa na mpira unakaza. Ukiinua mguu, mpira unalegea kidogo lakini haulegei kabisa. Zile namba mbili unazoandikiwa ndizo hizo: ya juu ni wakati moyo unakanyaga, ya chini ni wakati moyo umeinua mguu. 120 kwa 80 ni mpira uliokaa vizuri. Ikifika 140 kwa 90 na kuendelea, tena ikipimwa zaidi ya siku moja, mpira unakazwa kupita kiasi. Mpira unaokazwa hivyo kila siku hautoi kelele. Siku moja unapasuka kwenye kiungo kilicho dhaifu, na kwa binadamu mara nyingi kiungo hicho ni ubongo, moyo au figo.

Kuna mama alikuwa akiuza dagaa kwenye minada yetu, mchapakazi wa kupigiwa mfano. Alianzishiwa vidonge vya presha. Baada ya miezi mitatu akapimwa, akaambiwa "presha yako nzuri, 128 kwa 80". Akasikia: umepona. Akaacha vidonge, akasema ile pesa aongezee mtaji. Ni sawa na mtu aliyeweka watoto kufukuza ndege kwenye mpunga, akaja akaona hamna ndege, akawaambia watoto nendeni nyumbani. Ndege hawapo kwa sababu watoto wapo! Namba ilikuwa nzuri kwa sababu ya vidonge. Hakuna aliyemwambia sentensi hiyo moja. Mwaka haukuisha, upande wake wa kulia ukalegea na mdomo ukaenda pembeni. Watu wakasema ametupiwa jini. Siku mbili zikapotea kwa mganga kabla ya kufikishwa hospitali. Kile ni kiharusi, na kwa kiharusi hata saa moja ni kitu kikubwa. Ukiona mdomo umepinda ghafla, mkono haunyanyuki, au maneno hayatoki vizuri, tafuta usafiri wa hospitali muda huohuo. Siku hizi dagaa anauza binti yake, mama anakaa pembeni kwenye kiti.

Kuhusu kisukari nitasema kidogo tu. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wanaokunywa soda na chai ya sukari nyingi. Ugali, wali, ndizi, viazi, vyote vikishaingia mwilini hugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha mwili. Shida ya kisukari ni kwamba mbolea ipo ghalani lakini haifiki shambani. Mwenye ufunguo, ambaye ni kitu kinachoitwa insulini, ama hayupo kabisa ama mlango umekuwa mgumu kwake. Ndiyo maana mgonjwa ana sukari tele kwenye damu na bado anakonda, anachoka, ana kiu isiyoisha na anakojoa usiku kucha. Ambaye ufunguo haupo kabisa, mara nyingi huwa ni mtoto au kijana, hawezi kuishi kwa majani ya kuchemsha. Anahitaji insulini ya sindano kila siku. Nasema hivi kwa sauti kwa sababu minadani kuna watu wanauza chupa za dawa za "kumaliza sukari kabisa", na wateja wao ni nyinyi.

Sasa njoo kwenye maneno ya manjano, hapa pana mtego mkubwa na unagusa kazi yangu moja kwa moja. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu na una chanjo. Homa ya ini ni ugonjwa mwingine, una aina kadhaa, na ile aina ya B huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana. Na macho kuwa ya njano peke yake si ugonjwa, ni dalili kwamba ini limeshambuliwa na kitu fulani. Kitu hicho kinaweza kuwa kimetoka kwenye ghala lako mwenyewe. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua, macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa. Mwanzoni ugonjwa haukujulikana. Watu wapatao 20 walikufa, na wengi wa waliougua walikuwa watoto. Ilikuja kuonekana ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga. Sumukuvu haiishi kwa kupika. Ukichagua mahindi mabovu ukayapeleka kwenye pombe au kwa kuku, sumu hujaitupa, umeihamisha tu. (Unaona, mahindi yameingia hata hivyo. Kukausha na kuhifadhi nitakueleza wiki ijayo.)

Neno jingine ni chanjo. Hili nalijua vizuri kwa sababu ya kuku. Kideri kikishaingia bandani, kuku wamesinzia, wanaharisha kijani, ndipo simu zinaanza: "Dokta njoo na chanjo." Chanjo si tiba. Chanjo ni mafunzo ya mgambo kabla ya vita, unampa kuku mzima ili mwili wake umjue adui kabla hajaja. Kwa kideri ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa wazima. Ukimpa aliyekwisha kuugua humsaidii, na wakifa utasema chanjo inaua. Maneno hayohayo nimeyasikia yakisemwa kuhusu chanjo za watoto: "Alichanjwa akiwa na homa, ikamzidi." Peleka mtoto kwa tarehe zilizoandikwa kwenye kadi, na kama ana homa siku hiyo mwambie mhudumu, yeye ataamua.

Kuna jambo ambapo chanjo hutolewa baada ya tukio na bado huokoa, nalo ni kung'atwa na mbwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kachanjwe siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na unamjua kwa jina. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa ya kukirudisha.

Nimalizie na dozi, maana hapa ndipo wakulima na wenye maduka wanapokutana. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1×3. Nimekutana na baba aliyesoma ile alama kama hesabu ya shule, moja mara tatu ni tatu, akampa mtoto vidonge vitatu kwa mpigo. Maana yake ni kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane. Ikiandikwa 1×2 ni kila baada ya saa kumi na mbili, fuata saa za kukamua na hutakosea: kamua asubuhi umeze, kamua jioni umeze. Dawa ya mseto ya malaria inaliwa siku tatu kamili, mara mbili kwa siku, na imezwe na chakula, hasa chenye mafuta kidogo. Mtu mzima kwa kawaida ni vidonge 24 vyote. Siku ya pili utajisikia mzima, usibakize ili umpe shemeji akiugua.

Wewe mwenye duka, najua mteja anakuja na shilingi mia tano anasema "nipimie dawa ya kukohoa, zile kapsuli za rangi mbili". Najua usipomuuzia ataenda duka la pili. Lakini zile kapsuli ni antibaotiki, na nne hazitibu chochote, zinawafundisha vidudu namna ya kupambana. Kwa upande wa mifugo tunafanya vilevile na pengine vibaya zaidi. Mfugaji anamchoma ng'ombe sindano ya oksitetrasaikilini jana na leo maziwa yako kwenye dumu la mchuuzi. Kwenye chupa pameandikwa siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa au nyama, herufi ndogo kama punje za ulezi. Siku hizo zina maana kwamba dawa bado inatoka kwenye maziwa, na anayekunywa ni mtoto wa mtu. Mchuuzi wa maziwa, uliza kabla ya kupima dumu. Anayekuuzia akikasirika, hayo maziwa yaache.

Ukienda zahanati nakushauri ufanye hivi, na mimi mwenyewe nafanya. Kabla hujaondoka mezani kwa mhudumu sema: "Samahani dada, naomba unisaidie. Huu ugonjwa wangu ukinyumbani unaitwaje? Dawa hii ni ya siku ngapi, na nikipata nafuu niache au niendelee? Nikiona dalili gani nirudi haraka?" Kisha mrudie alichokuambia kwa maneno yako. Wahudumu wetu wana foleni ya watu sitini na wakati mwingine yuko peke yake, si kwamba hana moyo. Lakini maswali hayo hayazidi dakika mbili, na wengi wao wakiulizwa kwa heshima wanajibu vizuri sana. Omba pia akuandikie jina la ugonjwa kwa Kiswahili kwenye daftari lako. Nenda na mtu wa nyumbani kama umezidiwa, kwa sababu mgonjwa hasikii vizuri. Na ukiwa mfugaji, mwambie wewe ni mfugaji hata kama umekwenda kwa ajili ya kikohozi.

Kwa wale ambao ng'ombe wao wametupa mimba: usishike kondo wala ndama aliyetupwa bila glovu, hata mfuko wa nailoni mikononi ni bora kuliko mikono mitupu. Vizike kwa kina au uvichome, mbwa wasifikie. Chemsha maziwa hadi yapande. Mtindi utengenezwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, maana kuganda peke yake hakutoshi kukiua kidudu hiki. Ng'ombe aliyepimwa akakutwa nao usimuuze mnadani kwa mtu wa kufuga. Nipigie kwanza, tumalize suala lake machinjioni chini ya mkaguzi. Yule aliyeuzwa na mzee wangu nilimtafuta minada miwili sikumpata. Yuko kwenye zizi la mtu fulani.

Tangu wakati ule nikipiga simu kutoa majibu ya maabara sitamki chanya wala hasi. Nasema: "Mzee, ugonjwa umeonekana kwa yule mwenye baka na yule mweusi. Maziwa yachemshwe kuanzia jioni ya leo. Asiuzwe hata mmoja. Nakuja kesho." Halafu namuomba aniambie amesikia nini, na pikipiki naizima kabisa nimsikilize.